Madirisha Aliyoyaziba Papa

Sabuni ya Marseille ikilowa inanukia mafuta na shuka lililotoka kufuliwa, na mimi kila Novemba nikishaivua karatasi yake pale jikoni sina tena miaka yangu. Narudi kuwa wa miaka tisa, nimesimama juu ya kiti kule Laeken, ghorofa ya tatu, nimeshika sahani ya maji ya sabuni kwa mikono miwili, na papa yangu ananiambia bila kugeuka, "Usimwage. Karatasi inakunywaka polepole."

Niwaeleze kwanza tulikuwa tunafanya nini, maana nikisema tu kwamba papa alibandika madirisha kwa sabuni mtadhani nimeanza kuchanganyikiwa mapema.

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, zile nyumba za Brussels zenye dari ya juu na madirisha marefu ya mbao, mazuri kuyatazama ukiwa barabarani, mabaya kulala karibu nayo. Upepo uliingia kwenye nyufa ukapiga mluzi. Mwenye nyumba aliahidi kila mwaka kuyabadilisha, na kila mwaka alituletea ahadi nyingine. Majirani walikunja mataulo wakayasukuma chini ya fremu, wakavumilia. Papa yangu alikuwa na dawa yake. Jumamosi ya kwanza ya Novemba alivaa suruali yake ya kazi, akapanga mezani mabunda manne ya pamba kutoka duka la dawa, kisu butu, mkasi, na rundo la yale magazeti ya matangazo yanayotupwa bure kwenye masanduku ya barua. Pamba aliisukuma kwa kisu ndani ya kila ufa. Kisha alikata karatasi kanda ndefu, upana wa vidole viwili, akazilaza kwenye maji ya sabuni, akazibandika juu ya ufa na kuzipitishia dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni mpaka zikatulia. Zikikauka zilishika hadi Aprili, na Aprili ukizilowesha zilitoka bila kuacha doa.

Sehemu moja hakuiziba kamwe, nayo ni kidirisha kidogo cha juu kabisa.

"Nyumba bila pua inakufaka," alisema. "Iachie pua yake."

Maman alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha Lubumbashi, kimechanganyika na Kifaransa mpaka huoni mshono, mtakivumilia. "Papa Kabulo," alisema, na Kabulo ndiye mimi, "siye batu ya Lubumbashi, unatufungia mu boîte sawa sardine! Na ule pharmacien ananiuliza niko na kidonda ya namna gani, pamba yote ile!"

"Kule nilikuwa, bote banafanyaka vile," alijibu papa, na dole gumba likaendelea na safari yake.

Kwetu nyumbani, "kwetu" ilikuwa Lubumbashi, na "kule" ilikuwa Kharkiv, mji ambao papa aliuita Kharkov, katika nchi iliyoitwa Umoja wa Kisovieti. Alikwenda huko kijana, kwa bourse, yaani ufadhili wa masomo, iliyopitia Lusaka, kusomea uhandisi. Nchi hiyo niliitafuta kwenye ramani ya darasani kwetu, nikapita Ulaya yote na kidole, sikuikuta. Hilo peke yake lilikuwa limeanza kunitia wasiwasi.

Ushahidi wetu wote ulikuwa picha moja. Ilining'inia sebuleni kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi. Ndani yake kulikuwa na jengo kubwa kuliko jengo lolote nililowahi kuliona, la saruji ya kijivu, minara mirefu na mifupi imesimama bega kwa bega, na kati ya minara madaraja yamepita hewani, ghorofa za juu, mtu atoke ofisi moja aende nyingine bila kukanyaga theluji. Lilikuwa jengo la ofisi tupu, papa alisema. Ofisi za viwanda, za makaa ya mawe, za serikali. Wenyeji walilijenga nchi yao ikiwa bado changa, kwa mabeleshi na mikokoteni, na walijivunia hata mgeni akishuka treni hawakumuuliza kama amekula, walimuuliza kama ameliona. Na madirisha yake, jamani! Nilijaribu kuyahesabu nikiwa nimelala kwenye kochi, na kila mara nilipotea nikifika mnara wa pili.

Mbele ya jengo alisimama mtu. Hapo sasa ndipo palikuwa na tabu. Mtu huyo alivaa koti lililofika kwenye vifundo vya miguu, kofia ya manyoya iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, na skafu iliyopanda mpaka puani. Glavu. Buti. Kilichobaki kuonekana kilikuwa ukanda mwembamba wa kivuli palipopaswa kuwa na macho.

"Njo mi," ndiye mimi, papa alisema kwa fahari. "Ilikuwa moins vingt-huit." Ishirini na nane chini ya sifuri. Halafu aligonga kioo cha picha kwa kucha. "Na hizi dirisha zote unaona, mi njo niliziba. Na pamba, na karatasi, na sabuni."

Mimi niliamini. Nilikuwa mtoto wa kuamini mpaka mwisho, sikujua kuamini nusu.

Wengine ndio hawakuamini. Kila baada ya wiki mbili papa alinipeleka Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, kwa Tonton Floribert, kinyozi wa Chaussée de Wavre, kwenye saluni iliyobanwa kati ya duka la vitenge na ofisi ya kutuma pesa. Walikaa mle watu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, na papa mmoja mpole wa Bukavu aliyesomaga gazeti lile lile. Papa yangu akiingia tu, saluni ilisimama. "Ingénieur! Karibu, Ingénieur. Mupatie Ingénieur kiti." Kwamba alisoma kule na kurudi mhandisi, hakuna aliyelitilia shaka, jina hilo lilimfuata tangu Lubumbashi. Ila akigusa tu habari za madirisha, watu waliangua kicheko wakashikilia viti.

"Ingénieur muzima!" alisema Tonton Floribert, mashine ikinguruma hewani. "Bazungu batume avion mpaka Lusaka kukutafuta, halafu ukifika bakupatie sabuni? Ah non, papa. Hiyo ambia batu ya Bukavu."

"Na siye tunaikataa," alisema papa wa Bukavu bila kushusha gazeti.

Papa alicheka pamoja nao. Mimi niliangalia viatu vyangu na kuwaka.

Basi mwaka ule, Novemba ile ile, Madame wetu wa shule alituambia kila mmoja alete picha ya jengo kubwa la mji ambao familia yake inaujua, atueleze. Watatu walileta Atomium, ile mipira mikubwa ya chuma ya Brussels. Mmoja alileta Palais de Justice, mahakama kuu ya Brussels ambayo miaka yote mafundi wameizungushia vyuma, na Madame akashangaa kwamba picha ilikuwa ya zamani sana hata haina vyuma vya mafundi; sisi watoto tulidhani vile vyuma ndiyo nguo zake, imezaliwa navyo. Msichana mmoja alileta msikiti wa Casablanca ulio ufukweni, ukapigiwa makofi. Mimi niliishusha picha ya papa ukutani bila kuomba ruhusa, nikaifunga ndani ya sweta, nikaibeba kifuani mpaka darasani.

Nilieleza vyote. Minara, madaraja ya hewani, theluji. Nilipofika kwenye madirisha nilikuwa nimechangamka, nikasema papa yangu ndiye aliyeyaziba yote, mwenyewe, kwa karatasi na sabuni.

Mvulana mmoja, Kevin, alisogea akaikazia macho picha. "Huyu anaweza kuwa mtu yeyote," alisema. "Anaweza kuwa bibi yangu."

Darasa lilicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kitini. Madame aliwanyamazisha, kisha akaniinamia. Alikuwa mwanamke mwema, na alisema kwa upole. "Kabulo, labda hukumwelewa papa yako vizuri. Jengo la serikali lina mafundi wake. Na mtu anayesomea uhandisi hawezi kupewa kazi ya kubandika karatasi madirishani."

Kicheko cha Kevin ningekimeza. Lakini maneno ya Madame yalikuwa na akili, na mbaya zaidi, yalikuwa yale yale ya Tonton Floribert. Watu wawili wasiojuana, mmoja Matonge na mmoja Laeken, wameona jambo moja. Nilirudi nyumbani na picha ndani ya sweta, nikakaa nayo mapajani kumngoja papa.

Alifanya kazi ya kufua, kwenye chumba cha mashine cha hospitali kule Woluwe, na alirudi akinukia mvuke. Sikumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Papa, kama ulikuwa unasoma uingénieur, juu ya nini bakakupa kazi ya kuziba dirisha?"

Papa yangu alikuwa na jibu la kila kitu. Alijua kwa nini tramu inalia kwenye kona, kwa nini Wabelgiji wanaogopa kuongea kwenye lifti. Safari hii alinigeuzia mgongo. Alitundika koti, akalinyoosha mabega, akalinyoosha tena.

"Niliziba," alisema. "Ile niliziba, mutoto wangu."

"Juu ya nini?"

"Niliziba."

"Papa, unadanganyaka," nilisema.

Kwetu mtoto hamwambii hivyo baba yake. Maman alitoka jikoni na mwiko, nami nikajikunja tayari. Papa alimwinulia mkono. "Muache," alisema tu. Alichukua picha mapajani pangu, akaipangusa kioo kwa kiwiko, akairudisha kwenye msumari wake. Ningepigwa ningepona mapema zaidi.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho. Nilitoka shuleni, nikaingia chumbani kwangu, nikaanza kung'oa karatasi kwenye dirisha langu. Kanda moja, nyingine, nyingine. Nikavuta na pamba, ikatoka ndefu, nikaitupa sakafuni. Upepo ulirudi na mluzi wake. Papa alipoingia alilitazama dirisha, akanitazama, akatoka. Alirudi na blanketi la kitandani kwake, akalitandaza juu ya langu. Siku zilizofuata tulisalimiana tu, kama wapangaji.

Nisingeweza kumwambia mtu kilichokuwa kinanikaba, kwa hiyo nawaambia ninyi sasa. Papa ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Yeye ndiye aliyenifundisha Baba Yetu, na kufunga kamba za viatu, na kwamba babu yangu alikuwa mtu wa haki. Kama la madirisha lilikuwa uongo, sikujua mengine niyapime kwa nini. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mtu aje aniambie papa yangu hasemi uongo, na sikumwona mtu huyo angetokea wapi.

Alitokea kwenye ngazi, na ndoo.

Jumatano alasiri shule za Brussels hazisomi. Papa alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, amelala kidogo. Mlango ukagongwa. Nilifungua nikamkuta mwanamke aliyekuwa akisafisha ngazi zetu tangu mwezi uliopita, mama mpana mwenye jino la dhahabu, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya bonjour. Alikuwa amekunja uso. Alinyoosha kidole kuelekea dirisha la ngazini, na mimi nikajua tumekamatwa, maana papa alikuwa ameliziba na hilo, bila kumwuliza mtu, kwa sababu alimwonea huruma jirani mzee wa chini.

"C'est qui, ça?" aliuliza. Nani amefanya hivi?

Nami, Mungu anisamehe, nilimtoa papa yangu pale pale. "C'est papa."

"Papa d'où?" Wa wapi?

"Congo."

Alitikisa kichwa kwa nguvu. Kongo, hapana, hawafanyi hivi. Akapitisha dole gumba juu ya karatasi, kutoka katikati kwenda pembeni, kisha akaliweka dole lile lile kifuani pake. "Ça, chez moi," alisema. Haya ni ya kwetu.

Papa alikuwa amesimama nyuma yangu na soksi. Akasema neno moja kwa Kirusi, kwa woga, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani. Mama yule akaachia kitambaa kikaanguka ndani ya ndoo. Wakaanza. Mimi nilimjua papa akihesabu Kirusi moja hadi kumi kutuchekesha. Sikujua kwamba ndani yake kuna mtu mzima anayeongea hivyo, haraka, kwa mikono, na sauti nyembamba ya kijana. Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Niliona wivu kidogo, nakiri.

Aliitwa Madame Galia. Alivua viatu bila kuambiwa, akaingia sebuleni, na mbele ya picha akasimama wima. Mtu wa koti na kofia hakumwangalia kabisa. Aliangalia jengo, akalitaja jina lake, na papa akalitaja pamoja naye, sauti mbili mara moja. Kisha akanigeukia, akanieleza kwa Kifaransa chake kinachochechemea. Yeye si wa mji ule, ni wa Poltava, mji wa jirani, lakini jengo lile kwao kila mtoto analijua. Lilikuwa kwenye kitabu chake cha shule. Alipolifikia mara ya kwanza, binti mdogo, alilia kwa sababu halikuingia lote machoni.

Bado hilo halikunitosha. Jengo lipo, sawa. Je, papa?

Madame Galia akaanza kuzunguka madirisha yetu. Alipitisha dole gumba kila kanda, akitikisa kichwa kukubali, akaona kidirisha cha juu kimeachwa wazi, akakubali tena. Alipofika pembe ya chini ya dirisha la sebuleni, alisimama. Akapiga ulimi. Kisha akamgombeza papa yangu, akamgombeza hasa, akionyesha jinsi kanda mbili zinavyopaswa kupandana pale kwenye kona, si kuachana. Na papa, Ingénieur wa Chaussée de Wavre, aliweka mikono nyuma akainamisha kichwa akijitetea kwa sauti ya mwanafunzi. Hapo ndipo nilipoamini. Hakuna anayekugombeza namna ile kwa kazi usiyowahi kuifanya, na hakuna anayekubali kugombezwa hivyo kama hakuwahi kugombezwa kwa kona hiyo hiyo.

Akaingia chumbani kwangu. Dirisha tupu, mluzi, mabaki ya karatasi. Akamtazama papa. Papa akasema neno la haraka na kuonyesha nje. Madame Galia akanigeukia, jino la dhahabu likang'aa.

"Le vent, hein?" alisema. Upepo, eti?

Papa alikuwa amesema ni upepo. Wiki nzima namhukumu kwa uongo, na uongo pekee niliomshika nao kwa masikio yangu ulikuwa wa kunificha mimi.

"Papa, pardon," nilisema.

"Shika sahani," alisema. "Panda pa kiti. Usimwage."

Tuliliziba upya dirisha langu watu watatu. Baadaye papa alipika chai, na wakakaa mezani wao wawili. Madame Galia aliuliza kitu, kawaida tu, huku akikoroga sukari. Papa akaangalia ndani ya kikombe. Alijibu kwa maneno machache, chini chini. Mama yule akaweka kijiko, akanyoosha mkono wake uliopasuka kwa dawa za kusafishia, akauweka kwenye shavu la papa, ukakaa. Macho ya papa yalilowa. Nilidhani ni furaha.

Ndipo maman alipoingia kutoka sokoni, akakuta mwanamke asiyemjua, bila viatu, ameshika shavu la mume wake.

"Ehé!" alisema maman, mfuko ukingali mkononi. "Na ile sasa njo nini?"

Ilichukua sahani mbili za mikate ya mafuta kulimaliza hilo, na baada ya hapo Madame Galia alikunywa chai kwetu kila Jumatano kwa miaka.

Mnaweza kufikiri jinsi nilivyoingia saluni Jumamosi iliyofuata. Sikungoja papa akae. Niliwasimulia kuanzia ndoo mpaka pembe mbaya, na Tonton Floribert akazima mashine, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mpira wa miguu.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe njo kweli! Ingénieur, pardon, utusamehe. Ingénieur ya dirisha!"

Papa hakufurahi kama nilivyongoja. Alijifuta uso na kusema, "Munaweza kuniitaka paka Jean," yaani Jean tu, jina lake. Wakacheka zaidi, wakasema tazameni unyenyekevu wa wasomi, wakamwita Ingénieur mara mbili ya kawaida. Mimi pia niliona ni unyenyekevu.

Miaka kumi ikapita. Siku nilipojiandikisha kusomea uuguzi kule Woluwe, papa alinisindikiza. Chuo na hospitali viko pamoja, na yeye alipajua kwa kupitia mlango wa nyuma, ule wa makapu ya shuka. Tulikaa kwenye benchi nje. Nilikuwa nasoma karatasi zangu aliposema, "Kabu, ile question yako. Ya juu ya nini."

Lilikuwa swali langu la kwa nini alipewa kazi ya madirisha, nami nilikuwa nimeisahau. Yeye hakuwa ameisahau.

Aliniambia kwamba mwaka wake wa tatu kule, nchi ilianza kupasuka. Mwezi mmoja bourse ilikuja, mwezi wa pili haikuja. Mahali pa chakula pakafungwa. Wanafunzi wageni kila mmoja akashika njia yake. Mlinzi wa hosteli yao alikuwa bibi mmoja, Baba Lida, na kule "baba" ni bibi, msiniulize kwa nini. Kila Oktoba Baba Lida na wanawake wenzake walikwenda kuziba madirisha ya jengo lile kubwa, wakalipwa mkate, viazi, mafuta ya alizeti. Alimkuta papa amelala mchana kwa njaa, akampa kisu butu, akamwambia amfuate. Baridi ile yote papa alikula kwa sababu ya madirisha. Baba Lida ndiye aliyemgombeza kwa kona kwanza. Diploma haikuwahi kuwepo.

"Nikafika Lubumbashi," alisema, "mama yangu amekuya ku aéroport na bamama ya parokia, banaimba, 'Ingénieur amerudia!' Mbuzi iko tayari mu sahani. Ningesema nini, mbele ya batu bote?" Aliangalia ule mlango wa makapu. "Galia aliniuliza nilimaliza mwaka gani. Njo muntu wa kwanza niliambia."

Hasira ilinijia kwanza, sitawaficha. Halafu nikaanza kucheka, na papa akanitazama kwa hofu, kisha na yeye akacheka, tukashikana pale kwenye benchi, watu wanapita na makoti meupe. Kile ambacho Matonge nzima ilikicheka kilikuwa kweli. Kile ambacho Matonge nzima ilikisimamia na kukipa kiti ndicho kilikuwa uongo. Na mimi, wa miaka tisa, nilikuwa nimeweka kidole juu ya kidonda chenyewe nikikisukuma, nikidhani natafuta ukweli wa karatasi na sabuni.

Alikwenda kuwaambia mwenyewe, Jumamosi moja, nami nilikwenda naye. Papa wa Bukavu alishusha gazeti. Tonton Floribert alikung'uta kitambaa, akakikung'uta tena.

"Bon," alisema. "Nywele yako ingali ile ile. Kaa, Fundi."

Ndilo jina lake mpaka leo. Akiwa karibu na hamsini alijiandikisha masomo ya jioni ya kuziba nyumba baridi isiingie, kazi ambayo sasa Brussels yote inaitafuta, na kwenye mtihani wa mikono mwalimu alimwuliza alijifunzia wapi kona zile. Cheti chake kipo ukutani, upande wa kushoto wa picha. Jina limeandikwa lote, na kwenye picha yake ndogo ya cheti macho yanaonekana.

Nilipokuwa mtoto nilifikiri papa anaziba madirisha kwa ajili ya baridi. Leo naona kwamba alikuwa ameshikwa na neno moja lililomzidi, na hakuwa na pa kulitua. Kila Novemba alikuwa akituambia ukweli kwa njia pekee aliyoiweza, kwa pamba na dole gumba, na sisi tulikuwa tukimcheka.

Sasa vita vimefika mjini kule. Nilimwonyesha papa kwenye simu, nikiogopa, picha ya jengo lake likiwa na mashimo meusi palipokuwa na vioo. Aliikuza kwa vidole viwili, akapita nayo ghorofa kwa ghorofa. Madame Galia alipigiwa simu, wakaongea, wakalia kidogo, wakagombana juu ya jambo fulani, nikajua wote wawili watahimili.

Nyumba yangu ina vioo viwili viwili, upepo hauna pa kupita hata ukiomba. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Novemba hii papa alikuja na pamba yake. Binti yangu Naomi, wa miaka sita, alipanda kwenye kiti na sahani. Alibandika kanda yake ya kwanza akitoa ulimi nje, na papa akaipitishia dole gumba.

"Hii kona mubaya," alisema. "Rudia."

Naomi alirudia. Kisha akaitazama picha, ambayo papa alikuwa ameileta chini ya kwapa, akahesabu kwa kidole mpaka akapotea kwenye mnara wa pili.

"Koko," alimwuliza babu yake, "ni kweli uliziba hizi zote?"

Niligeuka. Nilikuwa najua jibu, nimelisikia utoto wangu wote. Papa alivuta kiti akakaa, ili uso wake ulingane na wa mtoto.

"Zote, hapana," alisema. "Mi niliziba étage mbili. Zingine baliziba benzangu." Alionyesha ghorofa mbili kwa kucha, akapangusa kioo cha picha kwa kiwiko. "Na bataziba tena."